Mzigo wa Mwenzio: Habari za Askofu Weston na Wapagazi

Mtu atokaye Viwanja Sitini kwenda Mahenge leo huufikia mto Kilombero akauvuka juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2018, karne nzima baada ya mwaka 1918, na huenda asiangalie hata chini. Babu zake waliyavuka maji hayo kwa mitumbwi, na wako miongoni mwao waliovuka wakiwa na mizigo ya watu wengine vichwani. Maana katika vita vya 1914 hadi 1918 bonde letu hili lilikuwa njia ya majeshi. Mwaka 1916 Jenerali Edward Northey, aliyekuja na jeshi la Waingereza kutoka upande wa Nyasaland, aliuteka mji wa Iringa, na vikosi vyake vikapigana na Wajerumani kandokando ya Ruhuji, mto uletao maji yake Kilombero. Mwezi Oktoba 1917 jeshi la Wabelgiji liliingia Mahenge. Tunawaomba wasomaji wetu walishike jina la Northey, kwani tutalikuta tena mahali pengine, akiwa amevua magwanda ya vita na kuvaa ya ugavana.

Hapana asiyejua kuwa vita vile havikuwa vyetu. Lakini vilipiganwa juu ya migongo yetu, na maneno haya si mafumbo. Nchi haikuwa na barabara za magari, na farasi na nyumbu walikufa kwa ndorobo. Kwa hiyo kila risasi, kila kopo la nyama na kila gunia la unga lilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Hebu tupige hesabu. Mpagazi hubeba kiasi cha kilo 25. Tuseme chakula chake ni kilo moja kwa siku. Safari ya siku 12 kwenda na siku 12 kurudi itamla kilo 24. Mzigo umekaribia kwisha, na askari aliye mbele amebakiziwa kilo moja tu. Ndiyo sababu jeshi dogo lilidai wapagazi wengi kupita kiasi, na kila lilipozidi kwenda mbali lilidai wengine wa kuwabebea wale wa kwanza.

Watu waliochukuliwa kwa kazi hiyo na Waingereza peke yao, katika nchi zote za upande huu wa Afrika, walikaribia milioni moja. Waliokufa, kwa hesabu inayokubaliwa na wanahistoria wengi, walikaribia 95,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, kwa kula unga usioiva vizuri, na kwa homa, mvua na uchovu. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao. Jina la kikosi chao limebaki katika vinywa vya watu mpaka leo: ndilo hilo tunalolitaja tuendapo sokoni Kariakoo, mjini Dar es Salaam. Sanamu iliyozinduliwa katika mji huo mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi hakuchongewa yake pale.

Leo twataka kueleza habari za mtu mmoja aliyetembea na wapagazi hao, na hasa neno alilolisema baada ya vita. Mtu huyo ni Frank Weston, Askofu wa Unguja. Alikuwa mhubiri wa dini, mwalimu wa chuo cha mapadri, kisha akawa meja wa vita. Hatumwandiki kwa sababu alikuwa Mzungu mwema. Wazungu wema walikuwako, na wema wao mara nyingi haukupunguza mzigo hata ratili moja. Twamwandika kwa jambo moja ambalo ni adimu katika watu wa rangi zote na vyeo vyote: alipoona dhuluma ya adui wa taifa lake aliisema, na alipoiona dhuluma ile ile ikifanywa na serikali ya kwao, aliisema vile vile.

Weston alizaliwa London mwaka 1871. Alisoma elimu ya dini katika Chuo Kikuu cha Oxford akashinda kwa daraja la kwanza. Angeweza kukaa huko akafundisha wana wa matajiri na kuandika vitabu mpaka uzeeni. Badala yake alikwenda kuhudumu mashariki ya London, mahali pa watu wa viwandani na makuli wa bandarini, ambako jamaa nzima iliweza kulala katika chumba kimoja. Huko alijifunza kuwa umaskini si kosa la maskini. Mwaka 1898 alijiunga na misheni ya vyuo vikuu, ile iliyoitwa UMCA, akaja Unguja.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ualimu. Alianzisha chuo cha mapadri cha Mtakatifu Marko huko Mazizini, na tangu 1901 hadi 1908 alikuwa mkuu wa chuo cha Kiungani. Wazee wetu waliokijua chuo hicho walilitaja jina lake kwa heshima. Kilianza kwa kuwafundisha watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na baadaye kikatoa walimu, makarani na mapadri walioenea kutoka Bonde hadi Masasi. Weston alishikilia neno hili, kwamba Kanisa la nchi hii haliwezi kusimama mpaka liwe na mapadri wa nchi hii. Hakuwafundisha kwa huruma ya mtu mzima kwa mtoto. Alidai wasome kwa bidii kama alivyosoma yeye, na alikuwa mkali. Mwaka 1908 aliwekwa kuwa Askofu wa Unguja, na dayosisi yake ilivuka bahari ikaingia katika nchi iliyokuwa ya Wadachi.

Tusimfanye malaika. Alikuwa mgumu wa shingo. Mwaka 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, katika nchi iitwayo sasa Kenya, wakashauriana kushirikiana. Weston aliona mashauri yale yanaharibu imani ya Kanisa lake, akawashitaki maaskofu wenzake wawili, wa Mombasa na wa Uganda, kwa uzushi. Jambo hilo lilitikisa Kanisa la Uingereza, na wengi walimwona mgomvi. Lakini ugumu ule ule wa shingo ndio uliokuja kuwafaa watu wasiokuwa na habari yoyote ya ugomvi wa Kikuyu.

Vita vilipoanza mwaka 1914 dayosisi yake ilikatika vipande viwili. Bara, mapadri na walimu Waafrika wa misheni yake walikamatwa na Wadachi kwa kudhaniwa kuwa wapelelezi wa Waingereza. Walifungwa, wakapigwa na kufanyizwa kazi ngumu, wengine wakiwa mbali na kwao, mpaka Wabelgiji walipoingia Tabora mwezi Septemba 1916. Mmoja wa waliofungwa alikuwa Martin Kayamba, kijana aliyesoma Kiungani, ambaye tutamtaja tena.

Upande wa Unguja, serikali ya Waingereza ilitaka wapagazi. Mwaka 1916 Weston alikiunda kikosi chao na kukiongoza bara yeye mwenyewe, akipewa cheo cha meja. Alitembea kwa miguu pamoja nao. Kwa kazi hiyo serikali ilimpa nishani ya OBE. Msomaji anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza: Je, mchungaji aongozaye kondoo kwenda vitani awafaa kondoo au amfaa mwenye vita? Sisi hatuna jibu jepesi. Kikosi kile kilitumikia dola, na watu wake hawakuulizwa kama wanavitaka vita. Lakini twajua methali yetu isemayo kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wakubwa wengi waliokaa ofisini waliandika idadi ya wapagazi kama waandikavyo idadi ya magunia. Weston aliwaona watu hao wakiamka alfajiri na kulala jioni. Kwake mzigo ule haukuwa usufi tena.

Mwaka 1918 alitoa kijitabu kwa namna ya barua ya wazi kwa Jenerali Smuts. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Watumwa Weusi wa Prussia. Humo alieleza mateso ya watu chini ya Wadachi: kazi za shuruti, viboko, na mambo yaliyowapata walimu wake gerezani. Akasihi nchi hii isirudishwe kwao. Watu wa bonde hili hawakuhitaji Askofu awaambie habari za viboko. Wambunga na Wapogoro walikuwa wamekwisha kutoa jibu lao mwezi Agosti 1905 walipoishambulia boma ya Mahenge katika vita vya Maji Maji, na njaa iliyofuata waliilipa kwa maisha yao. Hata hivyo kijitabu kilisomwa sana Uingereza, na sababu yake ni wazi. Kilisema yale ambayo wakubwa wa huko walipenda kuyasikia. Hapana kazi rahisi kama kumshitaki adui wakati wa vita. Kalamu huteleza yenyewe, na wasikilizaji hupiga makofi kabla hujamaliza.

Mtihani wa Weston ulikuja mwaka uliofuata, na hapa ndipo tunapolikuta tena jina la Northey.

Jenerali huyo, aliyezijua njia za Iringa na Mahenge kwa miguu ya wapagazi, alifanywa Gavana wa nchi iliyoitwa Himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo mwaka 1920 iligeuzwa kuwa Koloni la Kenya. Mwaka 1919 serikali yake ilianza kuwagawia mashamba askari Wazungu waliotoka vitani. Shamba halilimiki bila mikono, na Mwafrika aliyerudi kutoka vitani, akiwa amezika nduguze njiani, alitaka kulima shamba lake mwenyewe. Basi mwezi Oktoba 1919 ulitoka waraka wa serikali kuwaambia mabwana shauri na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Hata wanawake na watoto walitajwa, pale ambapo shamba lilikuwa karibu na kwao. Na majina ya machifu waliosaidia na wasiosaidia yalitakiwa kuandikwa.

Neno lililotumika lilikuwa kuhimiza. Lakini sote twajua maana yake, chifu anapojua kuwa jina lake litaandikwa katika daftari la bwana. Himizo la mwenye bunduki ni amri. Mwaka 1920 ikafuata sheria ya kuwatumikisha watu katika kazi za serikali siku 60 kwa mwaka kwa ujira, isipokuwa wale waliokwisha kufanya kazi ya ajira kwa miezi mitatu. Maana yake mtu alichagua kati ya shamba la mlowezi na barabara ya serikali. Shamba lake mwenyewe halikuhesabiwa kuwa ni kazi. Kwetu hapa sitini ni hesabu ya viwanja ambavyo watu hujenga nyumba zao. Kwa mkulima wa Kenya wa mwaka ule, sitini ilikuwa hesabu ya siku alizonyang'anywa.

Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Daktari Arthur wa misheni ya Kiskoti ya Kikuyu, waliandika maoni yao. Walionya juu ya hatari za waraka ule, hasa kwa wanawake na watoto. Lakini shuruti yenyewe hawakuikataa. Walisema ikiwa ni lazima, basi na iwe kwa sheria iliyo wazi, yenye mipaka na usimamizi. Hayo yalikuwa maneno ya watu wenye busara wanaotaka kupunguza ubaya. Weston hakuyakubali. Alisema shuruti ya kumtajirisha mtu binafsi haitengenezwi kwa kuwekewa mipaka, kwa kuwa dhuluma iliyopangwa vizuri ingali dhuluma. Akachapisha kijitabu kingine mwaka 1920, na jina lake alilichagua makusudi ili lisimame karibu na lile la kwanza: Watwana wa Uingereza.

Tafadhali msomaji aviweke vijitabu hivi viwili pamoja. Cha kwanza kinasema, tazameni Wadachi wanavyomtumikisha mtu mweusi. Cha pili kinasema, na sasa jitazameni ninyi. Mtu aliyekuwa shahidi wa Waingereza mwaka 1918 alikuwa mshitaki wao mwaka 1920, na ushahidi haukubadilika. Waliompigia makofi kwa cha kwanza hawakuwa na shukrani kwa cha pili. Nyani haoni kundule, na mtu amwonyeshaye hapendwi. Mwaka huo alikuwa Uingereza kwa mkutano mkuu wa maaskofu, akaitumia nafasi hiyo kuwaeleza wakubwa wa Kanisa na wa serikali habari za Kenya.

Je, maneno yalizaa nini? Mwezi Septemba 1921 Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, alitoa maagizo kuwa watumishi wa serikali wasishiriki kuwatafutia watu binafsi vibarua. Mwaka 1922 Northey aliondolewa katika ugavana. Mwaka 1930 mataifa yaliyokutana Geneva yalipitisha mkataba wa kimataifa dhidi ya kazi za shuruti. Lakini tutakuwa waongo tukisema kuwa hayo yote yalifanywa na kalamu ya Askofu. Wengine walipiga kelele London pamoja naye. Na huko Kenya kwenyewe wenye mzigo walisema kwa vinywa vyao. Harry Thuku aliwakusanya watu dhidi ya kipande, kodi na kazi za shuruti za wanawake. Alipokamatwa mwezi Machi 1922 watu walikusanyika Nairobi kumdai, wakapigwa risasi, na wengi wakafa. Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewatia shime wanaume siku ile, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Kodi na kipande vilibaki miaka mingi baadaye.

Hapa yatupasa kusema pia mipaka ya Weston. Alimsemea Mwafrika, hakuwa na uwezo wa kuwa Mwafrika anayejisemea. Barua yake ya 1918 iliwasaidia Waingereza kuidai Tanganyika, na wenyeji wa Tanganyika hawakuulizwa wanamtaka bwana gani, wala kama wanamtaka bwana yeyote. Msemaji wa watu, hata akiwa mkweli namna gani, hatoshi. Lazima waje watu wenyewe. Na walikuja, na baadhi yao walitoka katika madarasa yale yale ya Kiungani. Martin Kayamba, aliyefungwa na Wadachi, alikuwa mstari wa mbele katika kuanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali mjini Tanga mwaka 1922. Mwaka 1929 kikaundwa Dar es Salaam Chama cha Waafrika, na katika mti huo ikachipuka TANU mwaka 1954. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliacha kazi, na mgomo wao ukaenea katika miji mingine kufuata njia ya reli. Mjukuu wa mpagazi alikuwa ameutua mzigo chini, akauliza bei yake.

Weston alifariki tarehe 2 Novemba 1924 huko Hegongo, karibu na Magila, akiwa na umri wa miaka 53. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa mwenyekiti wa kongamano kubwa la watu wa Kanisa lake mjini London. Watu wale walipenda sana uzuri wa ibada, na yeye pia aliupenda. Lakini aliwaambia wazi kuwa kumheshimu Kristo madhabahuni na kumpita alipo katika mwili wa maskini wa vichochoroni ni bure. Aliwaambia maneno hayo marafiki zake, waliokuja kumshangilia. Tabia yake ilikuwa hiyo hiyo.

Sasa tujiulize sisi. Katika mkutano wa tawi, katika chama cha ushirika, kiwandani na karakanani, hatukosi wasemaji. Tuna watu hodari sana wa kueleza makosa ya mkoloni, na makosa yale yalikuwa ya kweli. Tuna watu hodari wa kueleza makosa ya tajiri, ya jirani, na ya kiongozi aliyekwisha kuondoka. Lakini vibarua wanapocheleweshewa ujira na mtu wetu, au mpunga wa mkulima unapopunjwa kwenye mizani ambayo mwenye kuishika ni mwenzetu, sauti hizo huanza kukohoa. Husikika mtu akisema wakati bado. Mwingine husema tusiwape maadui la kusema. Mwingine hushauri jambo lipangwe vizuri zaidi, likawekewe mipaka na usimamizi.

Hayo ni maneno yale yale ya mwaka 1919. Mkulima apunjwaye hapati nafuu kwa kujua kuwa aliyempunja ni wa chama kimoja naye, wala kilo haziongezeki kwa sababu mizani imeshikwa na ndugu. Kama dhuluma ilikuwa dhuluma mikononi mwa Mdachi, na ikawa dhuluma mikononi mwa Mwingereza, haiwezi kutakata ikifika mikononi mwetu. Na mwanachama anayelisema jambo hilo mkutanoni, kwa ushahidi na bila fitina, asiitwe msaliti. Yeye ndiye anayetuepusha na aibu ya kusemewa na wageni.

Siku msomaji wetu atakapovuka tena mto Kilombero, na atazame chini kidogo. Wapagazi waliopita hapa hawakuacha sanamu wala maandishi. Wametuachia deni moja tu, nalo ni kwamba tusimtwishe mwenzetu mzigo tusiokubali kuubeba wenyewe, na tukimwona aliyetwishwa hivyo, tuseme, hata kama aliyemtwisha ni wa nyumbani.